Gari Lisilougua Mbele ya Fundi

Wanaomjua humwita Mama Mashuka. Zamani walimwita mke wa fulani. Fulani alipoondoka aliondoka na jina lake, na nyumba, na duka, akamwachia gari. Mashuka aliyatafuta mwenyewe baadaye, nayo hayana lawama. Habari hii ni ya gari.

Ni gari dogo la mizigo, jeupe, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu na viti viwili tu mbele. Siku ndugu wa pande zote mbili walipoketi kugawa mali ya ndoa iliyokwisha kufa, yule bwana alisimama mbele ya watu akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka, "Gari achukue yeye. Mimi sina kinyongo." Wajomba wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Shangazi mmoja alisema, machozi yakimlenga, kwamba wanaume wa namna hiyo hawazaliwi tena. Mama Mashuka naye alishukuru, na huko kushukuru ndiko kunakomuuma mpaka leo kuliko kuachwa kwenyewe. Maana haukupita muda gari likamzimikia katikati ya barabara, na muuza vocha mmoja, bila kujua anasema na nani, akamwambia, "Gari hili si la yule bwana mwenye duka? Limemtesa sana yule."

Ndipo alipoelewa kwa nini mkono ule ulikuwa mwepesi kutoa.

Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia vya kutosha kwa mambo makubwa zaidi, hakuwa na machozi ya kumwagia bati. Alikwenda kwa mdogo wake, aliyekuwa na banda tupu nyuma ya nyumba, wakanunua mashine ya kufulia iliyotumika, wakafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na Mama Mashuka akaenda mwenyewe hospitali kuomba kazi ya kufua mashuka ya wodi. Kusoma hajui, lakini kusema anajua, na kazi akaipata. Mdogo wake anapiga pasi na kukunja. Yeye anafua, anafunga mafurushi, anayasindilia garini mpaka mlango wa nyuma unafungwa kwa goti, kisha anapeleka na kurudi na machafu.

Basi gari likawa na tabia yake. Asubuhi linawaka vizuri, linatoka getini kwa adabu, linakwenda. Halafu likishapita matuta ya barabarani mawili matatu, linakohoa, linakata pumzi, kimya. Unapiga stata, injini inazunguka lakini haishiki. Mama Mashuka anashuka, anafungua nyuma, anapakua mafurushi na kuyapandisha kwenye mkokoteni wa kukodi ili mzigo utangulie, maana wagonjwa hawawezi kulala kwenye magodoro matupu wakisubiri gari lipumue. Mzigo ukishaondoka, akirudi kwenye usukani na kugusa ufunguo, gari linawaka mara moja na kunguruma kama mtoto aliyelia hataki shule akaambiwa abaki nyumbani.

"Linapata joto hilo," watu walimwambia. "Linataka kupumzika."

"Na mimi nataka kupumzika," alijibu. "Mbona mimi sizimiki?"

Siku metroni wa hospitali alipomwita pembeni, alijua linalokuja. Metroni ni mwanamke mrefu asiyepandisha sauti, na kwa hiyo watu humwogopa. Alimwambia kwamba mashuka ni masafi, wala hajaona masafi kama yale, lakini mashuka masafi yanayofika saa wagonjwa wamekwisha kulazwa juu ya mipira mitupu ya magodoro hayamsaidii mtu. Kuna mwenye gari kubwa amekuja kuomba kazi hiyo. Mzigo ukichelewa tena, hata mara moja, kazi inakwenda kwake.

"Sitachelewa," alisema Mama Mashuka.

"Gari limepona?"

"Litapona."

Akaondoka akiwa amenyoosha shingo. Sasa kazi ikawa kumpata wa kuliponya, na hapo alikuwa mwangalifu kuliko binti anayetafutiwa mchumba. Alikwisha kuchagua vibaya mara moja maishani mwake, tena kwa kusikiliza sifa za watu. Safari hii angechagua kwa masikio yake mwenyewe: atasimama mbele ya kila fundi na kusikiliza anasema nini kabla hajafungua boneti.

Alianzia kwa shemeji yake, ndugu wa tumbo moja na yule bwana, kwa sababu ndiyo gereji ambayo ukoo mzima ulipeleka magari. Asubuhi ile alifanya kama walivyofanya watu wote wa kwao: aliliosha gari nje na ndani, akafagia nyuma, akatoa kila furushi na kila kamba. Gari halipelekwi kwa fundi likiwa chafu au lina mizigo, kama vile mtu asivyokwenda kwa daktari bila kuoga. Tena kuna vitu vinavyoota miguu vikilala gereji.

"Shemeji," alisema yule mwanamume akijifuta mafuta mikononi, "umepotea sana."

"Sikupotea. Nilipotezwa."

Mafundi waliolala chini ya magari wakacheka huko huko chini. Shemeji akalizunguka gari, akalipiga ubavuni kwa kiganja kama anayeuza ng'ombe. "Hii injini imechoka. Tunang'oa, tunaweka nyingine."

"Umejuaje, na hujafungua?"

"Mimi gari likiingia tu pale getini, nikisikia mlio, nishajua."

"Hili limeingia pale getini miaka yote ya kaka yako. Ulisikia nini?"

Shemeji akakohoa. "Si ndiyo nilimwambia injini imechoka."

"Na yeye akaona heri inichoshe na mimi."

"Shemeji, tusiende huko. Acha gari hapa, nitaongea na kaka tuone tunakusaidiaje."

"Kaka yako ana nini na gari langu?"

Hakungoja jibu. Alipokuwa akirudi nyuma kutoka getini, fundi mmoja akamtania, "Basi mama, kama sisi hatufai, nenda kwa Fundi Sijui." Wakacheka tena, safari hii kwa pamoja, na yeye akaondoka na kicheko kile masikioni.

Gereji ya pili ilikuwa ya kisasa, sakafu yake imetandikwa vigae na ina viti vya wageni. Gari lilikuwa limeoshwa tena. Kijana mwenye shati lililopigwa pasi alichomeka waya chini ya dashibodi, akatazama kompyuta, akaliendesha barabarani na kurudi nalo likicheka.

"Gari ni zima, mama. Sioni kosa lolote."

"Kwa hiyo naota?"

"Hapana. Pengine ni namna ya kuendesha."

"Namna yangu ni kushika usukani na kukanyaga mafuta. Kuna nyingine?"

Kijana akatabasamu, hakuwa mtu mbaya. "Likizimika tena, lilete likiwa limezimika."

"Nilibebe mgongoni?"

Nyumbani mdogo wake alikuwa ana haraka ya kuona jambo limekwisha. "Dada, rudi kwa shemeji. Wabadilishe hiyo injini, yaishe. Kazi ikituponyoka hapa tutafua nini, mawingu?"

"Yule alijua jibu kabla ya swali."

"Sasa unataka fundi asiyejua?"

Mama Mashuka alikuwa anakamua shuka. Aliacha kukamua. Akauliza, "Hivi huyo Fundi Sijui wanayemcheka anakaa wapi?"

Mdogo wake akaweka pasi chini ili acheke vizuri. "Mtu anaitwa Sijui, halafu unampelekea gari."

"Nimeishi na mtu aliyejua kila kitu," alisema Mama Mashuka. "Alijua siasa, alijua dawa, alijua moyoni mwangu mna nini kuliko mimi. Neno hilo moja sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nataka nikalisikie likisemwa na mwanamume, nione linafananaje."

Wakamtafuta, wakaambiwa ni fundi wa umeme wa magari, nyuma ya wauza mbao. Alikuwa mtu mnene mwenye kifua cha pipa, amekaa juu ya kiti kilichong'olewa kwenye basi, na nyuma yake ukuta mzima umetundikwa nyaya za kila rangi kama duka la shanga. Hakuinuka.

"Karibu, mama. Gari linasemaje?"

"Nilidhani wewe ndiye utaniambia."

"Mimi sijui. Ndiyo kwanza naliona." Alisema neno lile kama anavyosema mtu mwingine habari za asubuhi, wala halikumpunguzia kitu. "Na hata nikilifungua, huenda nikashinda nalo kutwa nzima na bado nisijue. Nikishindwa nitakwambia nimeshindwa, uende kwingine. Wenzangu hawapendi hivyo, wanasema naharibu soko. Sasa kaa hapo unihadithie tangu mwanzo. Usinifupishie."

Mama Mashuka akakaa juu ya tairi. Hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia asifupishe. Akamhadithia matuta, kikohozi, kimya, stata inayozunguka bure, na lile jambo la gari kupumzika kisha kuwaka. Fundi alisikiliza akiwa amefumba macho, mpaka yeye akashuku amelala.

"Umeliosha?" aliuliza ghafla.

"Ningeleta uchafu kwa watu?"

"Na mizigo?"

"Nimeacha nyumbani."

"Na huko kwingine ulikwenda hivi hivi?"

"Hivi hivi. Nimelelewa mimi."

Fundi akacheka, tumbo likatangulia na sauti ikafuata. "Mama, mgonjwa unamwogesha, unamvisha suti, unamfikisha kwa daktari anapiga mluzi. Huyo kijana wa kompyuta hakukosea. Ulimpelekea gari zima. Hata mimi nikilifungua sasa nitaona gari zima. Niletee lile linalokwenda kazini. Kesho, na mashuka yake, saa ile ile unayotoka, njia ile ile. Nitakaa pembeni yako."

"Kesho nikichelewa kazi imekwisha."

"Basi lete siku nyingine."

"Siku zote nina mzigo."

Fundi akanyanyua mabega. "Sikuahidi kitu. Huenda likazimika na nisijue kwa nini. Uamuzi ni wako."

Hapo ndipo penyewe. Angeweza kukodi gari la mtu kwa mzigo wa kesho na kulinda kazi kwa siku moja, halafu keshokutwa ayaanze mahangaiko upya. Au aweke kazi yote juu ya neno la mtu aliyemwambia wazi kwamba hajui. Alimtazama usoni kama anavyotazama shuka dhidi ya mwanga kutafuta doa.

"Nitakuja," alisema. "Na nitatoka mapema."

Asubuhi mdogo wake alimsaidia kusindilia mafurushi bila kusema neno, na kwa mtu yule kunyamaza ni kugombana. Mwishowe akashindwa. "Dada, akili yako iko sawa?"

"Iko. Sukuma hapo kwa goti."

Fundi Sijui alipoingia, gari liliinama upande. Akaweka kisanduku cha vifaa miguuni, wakatoka. Njiani hakuuliza chochote. Tuta la kwanza likapita. La pili likapita. Mama Mashuka akaanza kuingiwa na hofu ya ajabu, hofu kwamba leo halitazimika. Kisha tuta la tatu, na lile gari, Mungu alibariki, likakohoa, likakata pumzi na kuteleza kimya hadi pembeni ya barabara.

"Ndilo hilo," alisema, karibu kwa fahari.

Akafungua mlango na kushuka. Alikuwa ameshika kishikio cha nyuma fundi alipomwita. "Unakwenda wapi?"

"Kushusha mzigo."

"Nani kakwambia ushushe?"

"Ndivyo nifanyavyo siku zote. Nashusha, natafuta mkokoteni, mzigo unatangulia. Mimi nikirudi linakuwa limepumzika."

Na kweli mkokoteni ulikuwa unakuja, mwenyewe ni mtu wao wa kila siku, ambaye kuzimika kwa gari lile kulikuwa kumemsomeshea watoto. Akapunguza mwendo, tabasamu usoni. "Mama, leo tunapakia?"

Hospitali haikuwa mbali tena. Wakipakia sasa hivi, mzigo ungeweza kufika kwa wakati, angalau leo. Mikono yake ilikwisha shika furushi la kwanza. Mwenye mkokoteni alisubiri. Fundi alisubiri, wala hakumshauri.

"Rudia hilo la kupumzika," alisema tu. "Likipumzika huwa na mzigo au halina?"

"Halina. Si nimekwambia huwa nimesha..."

Hakuimaliza. Alisimama na furushi kifuani, akaona mbele ya macho yake asubuhi zile zote, moja baada ya nyingine: yeye anapakua, jasho linamtoka, mkokoteni unaondoka, anarudi, ufunguo, gari linawaka. Kila mara likiwa tupu. Hata mara moja halikuwahi kuwaka likiwa na mzigo.

"Lilikuwa halipumziki," alisema polepole. "Mimi ndiye niliyekuwa nikilitua mzigo." Akamgeukia mwenye mkokoteni. "Pita, kaka. Leo sina kazi yako."

"Hata furushi moja?"

"Hata moja. Na kuanzia leo tafuta gari lingine bovu."

Wakashirikiana, yeye na fundi. Yeye akahamisha mafurushi ya upande wa kushoto, fundi akapiga stata: injini ikazunguka bure. Akayarudisha, akahamisha ya kulia: gari likawaka. Wakayarudisha ya kulia na kuyakalia: likazimika. Walifanya hivyo mara nyingine kwa sababu tu lilipendeza. Kisha fundi akalala chali barabarani na tumbo lake lote, akachungulia, akachomoka na uso umejaa vumbi.

"Njoo uone mwenyewe, usije ukasema nimekwambia."

Akainama akaona. Bati la sakafu upande wa kulia lilikuwa limebonyea, na chini yake umepita waya unaopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta. Mzigo ukikaa na tuta likisukuma, bati linaubana waya, umeme unakatika, mafuta hayaendi kwenye injini. Mzigo ukitolewa bati linajiinua, waya unapata nafasi. Ganda lake lilikuwa limechubuka hadi shaba inaonekana. Fundi aliukata pale palipochoka, akaunga, akaufunga vizuri, akauvika kipande cha mpira na kuupitisha pembeni ambako bati halifiki.

Mama Mashuka alisimama juu yake akimkinga jua kwa kivuli chake, na wazo likamjia ambalo lilimtuliza roho kuliko radhi yoyote ambayo yule bwana angeweza kumwomba. Yule bwana naye alikuwa akibebea bidhaa za duka gari hili, likimzimikia akilipakua kwa matusi. Angejua kwamba ni waya tu, asingelitoa kwa gharama yoyote. Angesimama mbele ya wajomba wale wale na kutoa masufuria. Hakujua, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema hajui, hakumuuliza mtu aliyeweza kumwambia.

"Washa," fundi aliita kutoka chini.

Likawaka, mzigo wote ukiwa ndani. Wakapita tuta lililofuata, fundi ameshika dari. Wakapita jingine, Mama Mashuka kwa makusudi hakupunguza mwendo, mafurushi yakaruka na kutua. Gari likaendelea.

"Sasa nimejua," alisema fundi.

"Usizoee. Utaharibu jina."

Alicheka mpaka dirisha likapata ukungu.

Mbele ya mlango wa kushushia mizigo hospitalini kulikuwa na gari kubwa la bluu, na mwenyewe ameegemea boneti, mikono kifuani. Metroni alikuwa amesimama kizingitini. Walikuwa wamemwita yule mtu awe tayari. Hilo lilionekana wazi, wala halikumkasirisha Mama Mashuka. Hata yeye angemwita. Alirudisha gari nyuma taratibu, karibu kabisa na ngazi, akazima injini kwa hiari yake mwenyewe, akashuka akiwa na magoti meusi ya vumbi la barabarani.

Metroni alitazama magoti yale, kisha mafurushi, kisha Fundi Sijui aliyejazana kwenye kiti cha mbele. Ndani wauguzi walikuwa bado wanawaandaa wagonjwa wa asubuhi. Hakuna aliyekuwa amelazwa juu ya mpira mtupu.

"Limepona?" aliuliza.

"Limepona."

"Unasema hivyo kila mara."

"Kila mara nilisema litapona. Leo nasema limepona."

Metroni akafikiri kidogo, halafu akamgeukia yule wa gari la bluu. "Tumekusumbua bure. Nenda tu."

Yule mtu akajinyoosha, akajifuta vumbi lisilokuwepo. Hakuwa na chuki. Akamwambia Mama Mashuka, "Dada, nilikwisha kula riziki yako nusu."

"Basi itapike," alisema Mama Mashuka, akimtwika furushi la kwanza, "halafu shika na hili upeleke ndani, wodi ya pili kushoto."

Naye akalipeleka.